“Apprehension”: hofu, ufahamu au pingu?

Swali limetoka kwa msomaji anayejifunza kazi ya kutafsiri. Anaandika: “Nikifungua kamusi ya Kiingereza, neno ‘apprehension’ linaniambia hofu, kisha ufahamu, kisha kukamatwa. Maana hizi tatu zinakutania wapi? Mimi nilidhani mtu akishalielewa jambo, hofu humtoka. Iweje neno moja libebe kuelewa na kuogopa kwa pamoja? Na katika hadithi ninayoitafsiri kuna kijana anayeelezwa hivi: ‘He had a good heart, but his apprehension was slow.’ Nimeandika: ‘Alikuwa na moyo mwema, lakini hofu yake ilikuwa ya polepole.’ Nikaisoma kwa sauti, nikajicheka mwenyewe. Nisaidie.”

Umefanya la maana kuisoma kwa sauti. Makosa mengi ya tafsiri huyapita macho, ila sikio huyanasa. Sentensi yako nitairudia mwishoni. Nikikupa jibu lake sasa hivi utaondoka na sentensi moja, na ukurasa unaofuata neno lilelile litakutega upya.

Funga kamusi kwanza. Chukua kalamu iliyo mbele yako, ifumbate kiganjani. Hapo ndipo neno hili lilipozaliwa. Waroma walikuwa na kitenzi “prehendere”, yaani kushika, kutia mkononi. Wakakitanguliza “ad”, yenye maana ya kuelekea kitu, wakapata “apprehendere”: kupeleka mkono kwenye kitu na kukishika. Hofu bado haijaingia hapo, wala elimu. Kuna mkono tu na kitu kinachoshikwa.

Ukoo wa mkono huo umetapakaa. “Prison”, jela, chimbuko lake ni kule kukamatwa. “Apprentice”, mwanagenzi, ni yule anayeishika kazi kidogo kidogo kwa fundi wake. “Surprise” ni kushikwa ghafla. Wataalamu wa wanyama wanapoueleza mkia wa baadhi ya kima wa Amerika ya Kusini, ule unaojisokota kwenye tawi kama mkono wa tano, huuita “prehensile”. Mfaransa akisema “apprendre” na Mhispania akisema “aprender”, wote wawili wanazungumzia kujifunza, na mkono ni uleule.

Sasa isikilize lugha yetu. Mwalimu akisema, “Huyu mtoto anashika upesi,” hakuna atakayeviangalia vidole vya mtoto. Jirani akinong’ona, “Fulani kashikwa jana usiku,” swali linalofuata ni la dhamana. Na mtu akisimulia, “Nilishikwa na woga, nikaganda palepale,” hatumuulizi woga una mikono mingapi. Kuelewa, kukamatwa na kuogopa, yote matatu tumeyatundika kwenye kitenzi kimoja, na hatujawahi kushangaa. Hata kwenye simu tunasema “nimekupata” kwa maana ya nimekuelewa. Kitenzi chetu “kudiriki”, tunachokitumia kwa maana ya kuwahi au kuthubutu, kimetoka Kiarabu, na huko asili yake ni kulifikia jambo na vilevile kulitambua. Kwa hiyo usilione neno la Kiingereza kama kinyonga. Limefanya walichofanya wengi.

Ila kuna tofauti moja, na ndiyo ufunguo wa swali lako. Kwa Kiswahili, hofu ndiyo inayoshika. Mtu ni mshikwa. Katika “apprehension”, mtu ndiye anayeshika. Akili yake imenyoosha mkono mbele, ikaligusa jambo ambalo bado halijafika, na kwa kuligusa ikashtuka. Ndiyo maana neno hili halifai kwa mtu aliyekwisha kukutana na simba ana kwa ana. Huyo ana woga mtupu na hana haja ya msamiati. Linamfaa aliyesikia majani yakichakaa nyuma yake.

Kuna mwalimu mmoja wa kale aliyelifundisha jambo hili kwa mkono wake mwenyewe. Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kuwa Zeno wa Citium, mwanzilishi wa shule ya falsafa ya Wastoiki, alikuwa akinyoosha kiganja wazi, vidole vimetanuka, na kusema: hivi ndivyo jambo linavyotujia. Kisha akavikunja vidole kidogo: hapa akili imelikubali. Kisha akafumba ngumi: huku ndiko kulishika. Mwisho akauleta mkono wa kushoto, akaibana ile ngumi kwa nguvu, akasema huo ndio ujuzi kamili, na hana ujuzi huo ila mwenye hekima. Ile hatua ya ngumi, kwa Kigiriki “katalepsis”, Cicero aliitafsiri kwa Kilatini kuwa “comprehensio”. Yaani mfasiri mwenzetu, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alipotafuta neno la kuelewa alikimbilia kwenye ukoo huohuo wa kushika.

“Comprehend” na “apprehend” ni ndugu, na watu huwachanganya. Ukitaka kuwatenganisha, kumbuka barua ambayo mwanafalsafa Mfaransa Descartes alimwandikia rafiki yake Mersenne mwaka 1630. Suala lilikuwa namna binadamu anavyoweza kumjua Mungu ilhali hawezi kumwelewa kikamilifu. Akatoa mfano: mlima unaweza kuugusa kwa mikono, lakini huwezi kuukumbatia kama unavyoukumbatia mti. Kuelewa kikamilifu ni kukumbatia. Kujua, inatosha wazo liguse. Descartes hakuwa akilieleza neno lako, ila mfano wake unalivaa sawasawa. “Comprehend” ni mikono iliyozunguka kitu kizima. “Apprehend” ni kiganja kilichogusa jiwe la mlima gizani: unajua kuna kitu, unajua ni kikubwa, hujui kinaishia wapi.

Nadhani swali lako la kwanza limeanza kujibika hapo. Ulisema mtu akielewa hofu humtoka. Ni kweli, akielewa lote. Lakini kati ya kutojua kabisa na kujua kabisa kuna nafasi, na wasiwasi hukaa hapohapo. Asiyejua chochote hulala usingizi. Aliyejua yote hupanga la kufanya. Anayekesha ni yule aliyeshika ncha.

Tarehe nazo zina mambo yake. Neno lilipoingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, lilikuja na kazi ya akili: kutambua, kufahamu. Maana ya kumtia mtu nguvuni ikajitokeza katika karne ya 16. Maana ya kuliwazia jambo lijalo, hasa kwa hofu, ikajitokeza karibu na mwaka 1600. Angalia kichekesho: mkono, uliotangulia katika Kilatini, kwa Kiingereza ulichelewa. Kwanza walishika kwa akili, kisha ndipo wakashika wezi.

Mwaka huohuo wa 1600 zilichapishwa London tamthilia tatu za Shakespeare ambazo, zikisomwa pamoja, zinakuonyesha neno likiwa bado linatafuta pa kukaa. Katika “Much Ado About Nothing” yumo Dogberry, mkuu wa walinzi wa usiku, mtu anayependa maneno makubwa kuliko kichwa chake. Anataka kumwambia gavana kuwa walinzi wamewakamata watu wawili wanaoshukiwa. Badala ya “apprehended” anasema “comprehended”. Walinzi wamewaelewa wahalifu! Hadhira ilicheka kwa sababu maneno hayo mawili yalikuwa jirani kiasi cha mjinga kuingia nyumba isiyo yake. Ukiwa na kazi ya kumtafsiri Dogberry, Kiswahili kinakupa zawadi: mwache aseme walinzi “wamewafahamu” watuhumiwa barabara, kisha akae kimya kwa majivuno.

Katika sehemu ya pili ya “Henry IV”, Falstaff, mzee mpenda pombe, anausifu mvinyo wa sheri. Anasema ukipanda kichwani hukausha upumbavu wote na kuufanya ubongo uwe “apprehensive”, mwepesi, wenye kubuni. Msomaji wa leo akikutana na sentensi hiyo ataelewa kwamba pombe humtia mtu wasiwasi. Mnywaji gani husifu pombe kwa kumtia wasiwasi? Enzi zile neno hilo lilimaanisha mwepesi wa kunasa mambo. Leo maana hiyo imekufa kabisa kwenye “apprehensive”, na huu ni mtego mbaya kwa anayetafsiri maandishi ya zamani.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katika “A Midsummer Night’s Dream”, Theseus mtawala wa Athens anasema kuwa wapenzi na vichaa wana bongo zinazochemka, na mawazo yao “apprehend”, yaani hunasa, mengi kuliko yale ambayo akili tulivu inaweza “comprehend”, kuyakumbatia. Maneno mawili, sentensi moja, tofauti imewekwa peupe. Halafu, baada ya mistari michache, anafunga hotuba kwa kusema kwamba usiku, mtu akiwa na hofu, ni rahisi mno kichaka kugeuka dubu. Ona alivyotoka kwenye kunasa mambo akafika kwenye hofu bila hata kubadili mada. Mkono uliopapasa gizani umekuta majani, ukarudi na habari za manyoya.

Usidhani haya ni mambo ya washairi tu. Nenda kwa daktari wa mifupa. Akitaka kujua kama bega la mgonjwa lililowahi kuteguka bado limelegea, humlaza chali, akakunja kiwiko chake, akaupandisha mkono pembeni hadi usawa wa bega, kisha akaugeuza taratibu kwa nyuma, mfano wa mtu anayejiandaa kurusha jiwe. Hapo daktari haulizii maumivu hasa. Anautazama uso. Mgonjwa akikunja kipaji, misuli ikakaza ghafla, akasema, “Basi, basi, daktari, hapo hapo,” kipimo kimeshatoa jibu. Kisha daktari huweka kiganja mbele ya bega na kulisukuma nyuma, na mara nyingi ule mkazo huyeyuka papo hapo. Kipimo hiki kwa Kiingereza huitwa “apprehension test”. Bega halijatoka mahali pake. Ila mwili unajua kwamba likisogezwa kidogo tu litatoka. Niambie, hiyo ni hofu au ni ufahamu? Mimi nimekwisha kuacha kulijibu swali hilo. Nikitafsiri kwa ajili ya wauguzi naandika “kipimo cha bega kuhofia kuteguka”, na ninaliacha neno “kuhofia” lifanye kazi zote mbili.

Wanasheria ndio waliolichonga neno hili kwa makini zaidi, na huko mfasiri asiyejua huumia. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza kuna kosa la madai linaloitwa “assault”. Mtu wa kawaida hudhani ni kupiga. Sivyo. Kupiga ni “battery”. “Assault” ni kumfanya mtu awe na “apprehension” kwamba anakaribia kuguswa kwa nguvu isiyo halali, hapo hapo, si wiki ijayo. Na walimu wa sheria hurudia kila mwaka: neno hilo hapa si woga! Bondia shujaa anayetazama ngumi ikimjia huku akitabasamu, haogopi kitu, lakini ameiona inakuja, na hiyo inatosha. Kwa upande mwingine, mtu aliyelala fofofo akiinuliwa rungu juu ya kichwa, kisha mwenye rungu akaghairi na kwenda zake, hajafanyiwa “assault” kwa maana hiyo, kwa sababu hakuona wala kusikia. Ukiitafsiri “apprehension” hapo kuwa “hofu”, umempokonya bondia haki yake ya kudai. Andika “kutambua kwamba yuko karibu kupigwa”, au “kutarajia pigo”.

Kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1669, Tuberville na Savage, inalionyesha hili vizuri. Mtu mmoja aliweka mkono kwenye upanga wake, akamwambia mwenzake kwamba kama si msimu wa majaji kuwepo mjini, asingeyavumilia maneno kama yale. Mkono uko kwenye upanga, lakini ulimi umesema sitauchomoa. Mahakama ikaona hapakuwa na “assault”: maneno yake yameufuta ujumbe wa mkono wake. Hapakuwa na cha kutarajia.

Mahakama za nchi kadhaa, zikiwemo Kanada, Australia na Afrika Kusini, hutumia pia kipimo cha “reasonable apprehension of bias” wakati upande mmoja unapotaka jaji ajitoe kwenye kesi. Nimeona ikitafsiriwa “hofu ya upendeleo”, na haikosewi sana, lakini mimi huandika “shaka ya msingi kwamba jaji ataegemea upande mmoja”. Kipimo hakiulizi kama mdai anatetemeka. Kinauliza kama mtu mwenye akili timamu, anayejua mazingira, angeliona jambo hilo linakuja.

Halafu kuna “apprehended” iliyokaa kama kivumishi. Hapa nina kovu langu. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilipewa hati iliyotaja “apprehended violence order”. Hiyo ni amri ya mahakama katika jimbo la New South Wales, Australia, ya kumlinda mtu anayehofia kufanyiwa ukatili na mwingine. Mimi, kwa haraka na kwa kujiamini, nikaandika “amri ya ukatili uliokamatwa”. Mhariri aliyenisahihisha hakuandika neno hata moja. Alichora pingu ndogo pembeni mwa ukurasa, akaweka alama ya kuuliza. Tangu siku hiyo, kila nikikutana na neno hili hujiuliza kwanza: nani amefungwa hapa, mtu au jambo? Mtu ndiye hutiwa pingu. Ukatili, uasi, hatari, hayo hayatiwi pingu, yanahofiwa. Ndivyo ilivyo katika sheria ya vita ya Kanada ya mwaka 1914, iliyozungumzia uasi wa kweli au uliokuwa “apprehended”. Mwezi Oktoba 1970 serikali ya waziri mkuu Pierre Trudeau iliitumia sheria hiyo kwa sababu ya matukio ya utekaji nyara katika jimbo la Quebec, ikisema kuna “apprehended insurrection”. Hawakuwa wakisema uasi umekwisha kudhibitiwa. Walikuwa wakisema wanaona uasi unakuja. Ukikosea hapo, umeigeuza historia kichwa chini miguu juu.

Sasa tuje kwenye familia ya neno lenyewe, kwa sababu humo mna msaada ambao kamusi hazikuonyeshi kwa pamoja. Mama, “apprehension”, ameweka maana zote tatu. Watoto waligawana mirathi. “Apprehensive” alichukua hofu, na leo hana kingine: anayeelezwa hivyo ana wasiwasi. “Misapprehension” alichukua ufahamu peke yake: ni kuelewa vibaya, dhana potofu. Kamwe si hofu isiyo na msingi, wala si polisi kukamata mtu asiye na hatia, ingawa umbo lake linakushawishi udhani hivyo. “Apprehensible”, neno la nadra, nalo liko upande wa ufahamu: kinachoweza kutambulika. Na kitenzi “apprehend”, katika lugha ya habari ya kila siku, kimehamia kituo cha polisi. Mtu akiwa “apprehended”, anza kwa kudhani kakamatwa.

Kwa hiyo ukikutana na mtoto, huna tabu. Tabu ni mama, naye hutambulika kwa jirani zake. Akifuatwa na “about” au “over”, ni wasiwasi. Akiwa katika wingi, kwa kawaida ni mashaka ya mtu, isipokuwa kwenye takwimu za walinzi wa mipaka, ambako wingi huo ni idadi ya waliokamatwa. Akifuatwa na “of”, tulia usome kinachofuata: mwizi hukamatwa, hatari huhofiwa, ukweli hutambuliwa. Vihusishi havitakuokoa peke yake, ni lazima ujue ulimwengu. Hakuna mashine ya kutafsiri niliyoitumia ambayo haijawahi kuniteleza hapo.

Kuhusu neno la kuchagua kwa upande wetu pale maana inapokuwa hofu, nina ushauri ambao wanafunzi wangu wamechoka kuusikia. Tuna kitenzi kilichotengenezwa kwa kazi hii hasa, nacho ni “kuchelea”. “Nachelea mvua itatukuta njiani.” Anayesema hivyo hatetemeki, ametazama mawingu, akapima, akaona linalokuja, hakulipenda. Kuna kuona na kuna kuhofu, mkono mbele na moyo nyuma yake. Ndicho kitenzi cha ile methali, mchelea mwana kulia hulia yeye: mzazi haogopi kilio kilichopo, anaogopa kilio ambacho bado hakijatoka kinywani mwa mtoto. Sioni neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na “apprehend” ya hofu kuliko hilo, na linaanza kusahaulika, watu wakiandika “ninaogopa kwamba” kila mahali.

“Kuhofia” huja la pili. “Wasiwasi” linafaa pale ambapo hisia inazidi kipimo, mtu anahisi bila kujua hasa anahofia nini. “Mashaka” na “shaka” yanafaa kwenye maandishi rasmi. “Tumbo joto” ni tamu kwenye ukurasa wa michezo, timu inaposubiri ratiba, ila usiipeleke mahakamani. “Roho juu” inakaa vizuri kwenye hadithi. “Woga” na “kuogopa” viweke mbali, maana vinasema zaidi ya kile kinachosemwa. “Apprehension” mara nyingi ni hofu ya mtu aliyekaa kitini ametulia, mkono mmoja tu ukichezea kifungo cha shati.

Utakutana pia na mahali ambapo mwandishi amezitaka maana mbili kwa makusudi. Katika “Measure for Measure”, tamthilia nyingine ya Shakespeare, Isabella anamwambia kaka yake aliye gerezani akingoja kukatwa kichwa kwamba uchungu wa kifo umo zaidi katika “apprehension”. Kukiwaza kabla? Kukihofia? Yote mawili, na gereza lenyewe limewazunguka. Mshika mbili moja humponyoka, lakini hapo jaribu kuzishika. Mimi ningeandika “uchungu wa kifo umo zaidi katika kukichelea”, na ningesikitika kidogo kwa kilichoniponyoka.

Sasa sentensi yako. Tazama jirani zake. Umepewa moyo mwema upande mmoja, kisha “but”, kisha hicho kitu kinachosemwa kuwa “slow”. Hofu haisifiwi wala kulaumiwa kwa mwendo. Kukamatwa kunaweza kuchelewa, na kama kijana huyu angekuwa mhalifu anayesakwa, ningekuambia uangalie ukurasa uliotangulia. Lakini sentensi inapima sifa zake: moyo kwa upande huu, kichwa kwa upande ule. Ni ile maana kongwe, ya karne ya 14, ambayo bado hujitokeza katika hadithi zenye Kiingereza cha kizamani kidogo. Futa “hofu”. Wala usiweke “ufahamu wake ulikuwa wa polepole”, hiyo ni sahihi kwenye kamusi na baridi mdomoni. Andika: “Alikuwa na moyo mwema, ila hakuwa mwepesi wa kushika.” Isome kwa sauti, uone kama utacheka tena.